Roboti mlinzi ni kiti, we andika kwanza anayekipanda

Wa alaykum salaam mdogo wangu wa Wete. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili na nimefurahi khasa, mana nilikuwa sijui kama Pemba kuna vijana wanakaa usiku kucheza geimu za kuigiza mezani, mmoja anasimulia wengine wanaigiza wahusika kwa maneno na dadu, tena izi za miji ya mbele yenye mashirika makubwa na watu wenye vyuma mwilini. Kwa wengine mnaosoma, ndugu yetu anaendesha geimu kwa marafiki zake wanne, mwaka ni 2090, kuna godauni bandarini Mkoani limejaa mbegu za mikarafuu za shirika moja, na walinzi wake ni roboti zenye umbo la mtu zinazoendeshwa na watu walio mbali. Anasema hivi: "Kaka, mmoja kaniuliza kwani wasiweke kamera na roboti zinazojiendesha wenyewe, nikakosa jibu. Mwengine akasema anaziba mawimbi, roboti zote zikasimama kama minazi, wizi ukaisha dakika 5. Nifanye nini?"

Mie geimu izi naziendesha Mkunazini mwaka wa kumi na kitu sasa, na mchana kazi yangu kufunga kamera na mitandao kwenye mahoteli, kwa iyo suala lako limenigusa pande zote mbili. Na jibu langu ni kwamba umeandika roboti vizuri, urefu wake, bunduki yake, chuma chake, lakini anayeiendesha hujamuandika kabisa. Yupo wapi, saa ngapi kwake, nani anamlipa? Roboti ya rimoti bila mtu wake ni kabati lenye miguu, lazima iishe dakika 5.

Kuna neno nalitumia mezani kwangu na naomba ulichukue, neno lenyewe ni kiti. We umekulia Pemba, hata kama kwenu hawachezi ngoma za pepo umesikia, mtu akipandwa yule aliyepandwa ndo kiti, na anayesema pale sie yeye tena, ni aliyempanda, sauti inabadilika, mkao unabadilika, hata namna ya kushika kikombe inabadilika, alafu akishuka kiti kinabaki pale kimechoka hakijui kilichopita. Mambo ya watu siyachanganyi na mchezo, nimeazima neno tu, mana sijaona neno jengine linaloeleza roboti ya rimoti vizuri kuliko ilo. Siku nilipoacha kusema "roboti imewashwa" nikasema "kiti kimepandwa", wachezaji wote wanne waliinua vichwa kwa pamoja, na suala la kwanza lilikuwa "na nani?" Basi ndo suala unalotaka waulize.

Sasa yule aliyekuuliza kwa nini wasiweke mashine inayojiendesha yenyewe, mjibu kwa fedha na kwa lawama. Kamera inaona lakini haifungi mlango. Mashine inayojiamulia ikimvunja mkono mtoto wa tajiri aliyepotea njia, nani anasimama mahakamani? Shirika linataka awepo mtu ambaye jina lake liko kwenye karatasi, kwamba zamu ile alikuwa fulani na yeye ndo aliyeamua. Alafu mtu bado ana akili ambayo mashine inaitafuta, anajua kutofautisha mlevi na mwizi anayejifanya mlevi. Na fedha ni ivi, mpandaji mmoja anaweza kuwa na viti vinane katika godauni nane, anapanda kile tu kilichoona kitu. Tena anaweza kukaa nchi ambayo mshahara mdogo na saa zake zinafaa. Saa nane usiku kwetu, wakati korokoroni wa kawaida shingo imeshalala upande, Manila ni saa moja asubuhi, mtu kashakunywa kahawa yake macho yamemtoka. Na hili sie la 2090, lipo saivi, Japani kuna roboti zinapanga vinywaji kwenye mafriji ya maduka na zikikwama anayezishika kwa mbali yuko huko huko Manila. Na Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilipotangaza roboti yake ya nyumbani, NEO, bei dola 20,000, walisema wazi kwamba kazi isiyoijua itafanywa na mtu wao kwa mbali kavaa miwani yenye skrini. Kwa iyo mchezaji wako akikwambia haina mantiki mwambie biashara yenyewe ishaanza.

Umbo la mtu nalo lina sababu, sie urembo. Chukua nyumba yoyote ya Mji Mkongwe, ngazi zake zimesimama kama ngazi ya mnazi, kizingiti cha mlango unakiruka, komeo linataka vidole, funguo kubwa inataka kifundo cha mkono kizunguke. Kitu chenye magurudumu kitaishia ukumbini. Washington Julai 2017 roboti moja ya ulinzi, ya magurudumu, ilijitumbukiza yenyewe kwenye maji ya chemchemi ya jengo la ofisi, iliteleza tu pale chini pasipokuwa sawa. Lakini na miguu usiifanye dawa ya kila kitu, mwaka 2015 kule Pomona, California, kulikuwa na mashindano ya DARPA, wale watafiti wa jeshi la Marekani, roboti zinapewa kazi 8 kwa saa moja, kufungua mlango, kuzungusha valvu, kupanda ngazi, na waandaaji walikuwa wanaukata mtandao makusudi roboti ikiwa ndani. Zikaanguka nyingi, nyengine zilianguka pale pale mlangoni kwenye kitasa. Angalia video zake kabla ya Jumamosi, zitakupa picha ya mwili wa chuma unavyoanguka bila kujikinga kwa mikono, unaenda chini mzima mzima kama gunia la karafuu.

Mezani mie kiti kina hali tatu na naonesha kwa dhumna. Dhumna imelalia uso, kiti kitupu, kinazunguka njia yake kwa akili ndogo ya ndani, kinarekodi, kinaweza kupiga kelele "simama" na kuita, basi. Dhumna imefunuliwa, kimepandwa. Dhumna imesimamishwa kwa ubavu, laini imekatika. Wachezaji wanaiona ile dhumna inageuka na vidole vyangu, hakuna haja ya kusema neno, ule mlio wa dhumna kwenye meza tu unawatia jasho. Ndani ya geimu wenyewe usiwape taa nyekundu ya kuonesha kimepandwa, wape ishara za mwili. Kiti kitupu kinageuza shingo kwa mwendo mmoja tu, kama feni. Kikipandwa kuna kitu kidogo kinabadilika, uzito unahamia mguu mmoja, kichwa kinainama kidogo kama mtu anayesoma, vidole vya mkono wa kushoto vinagongagonga paja mana huko aliko mpandaji ana tabia ya kugonga meza akiwaza. Mchezaji aliyekuwa makini usiku wa kwanza atamjua mpandaji yule yule usiku wa tatu kwenye mwili mwengine kabisa, kwa vidole tu.

Twende kwenye kuchelewa kwa mawimbi, hapa ndo pana utamu na wengi wanaparuka. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde 1. Tuseme waya wa kutoka Mkoani mpaka aliko mpandaji unazunguka bahari kilomita 14,000, basi milisekunde 70 kwenda na 70 kurudi, jumla 140, bado hujaweka kamera kubana picha, mitambo ya njiani, miwani kuifungua picha. Weka 250 kwa jumla. Alafu ongeza binaadamu mwenyewe, kutoka macho kuona mpaka mkono kutikisika ni 200 na kitu. Umeshafika nusu sekunde. Ukimpeleka kwenye setilaiti ya juu kabisa, ile ya kilomita karibu 36,000, picha kuja na amri kwenda safari zenyewe tu ni karibu milisekunde 480, kabla ya kuhesabu chengine chochote. Nusu sekunde ni nini? Msimamie rafiki yako mbele, mwambie adondoshe rula we uidake, utajua. Kwa iyo mpandaji wa mbali hawezi kushindana ngumi na mchezaji wako, na hatakiwi ashindane. Mwili wenyewe unajua kusimama, kujizuia, kutoanguka, mpandaji anatoa amri tu, mshike, funga mlango, simama mbele yake. Kwenye kanuni zozote unazotumia fanya ivi, kiti kinachopandwa kutoka mbali kinacheza mwisho wa raundi siku zote, na mchezaji akisogea baada ya kiti kutangaza kinachotaka kufanya, kitendo kinaangukia pale alipokuwa. Lakini mpandaji aliyekaa chumba cha juu cha godauni lile lile anacheza kama mtu wa kawaida. Wakijua tofauti iyo wataanza kupeleleza, huyu wa hapa au wa mbali?

Nikupe mfano. Mwaka juzi niliwaweka wachezaji wangu ndani ya ghala usiku wa manane, kiti kimewakuta, kimepandwa, kinawaambia kwa sauti ya kikohozi walale chini. Nikasema, nyuma ya sauti yake kwenye spika mnasikia jogoo anawika. Basi. Sikusema zaidi. Watatu walikuwa wanahesabu risasi, wa nne, binti mmoja wa Kikwajuni mpole sana, akaweka penseli chini akasema "huku saa nane, huko kwake kumekucha, huyu yupo mashariki, na jogoo maana yake kakaa nyumbani sie ofisini." Geimu ikageuka pale pale, wakaacha kutafuta bunduki kubwa wakaanza kumtafuta mtu mwenye kuku. Wiki tatu tulicheza ilo jambo moja.

Sasa kuziba mawimbi. Usimkatalie mchezaji wako, ziba, lakini ajue anachokifanya. Kuziba mawimbi ni kelele, simu za bandari nzima zinakufa, boti ya Azam ikiwa inaingia wanapoteza mawasiliano, na huko aliko mpandaji skrini za viti vyote vya pale bandarini zinakwenda nyeusi kwa pamoja, jambo ambalo peke yake ni kengele. Mvunjaji mzuri anampunguzia mpandaji mtandao kidogo kidogo, picha inakwama inaachia, akafikiri ni hali ya hewa. Alafu kila kiti kina amri yake ya kukatika, yaani kifanye nini laini ikikatika, iliyoandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi hajawahi kuliona godauni. Kuna vinavyorudi kwenye chaji, vinavyokaa chini, na vinavyobaki na kile kile vilichokuwa vinafanya.

Icho cha mwisho kiandike, tafadhali. Fikiria kiti kimemdaka mchezaji wako kifundo cha mkono, hakijamuumiza, kimemshika tu, vidole vitatu vya mpira mgumu vimezunguka pale saa inapokaa. Mwenzake anawasha mtambo wa kuziba mawimbi, laini inakatika. Ile sauti iliyokuwa inasema "tulia, tulia" inakatikia kwenye "tu". Kichwa kinabaki kimemuelekea lakini hakuna mtu ndani. Na mkono haufunguki, mana amri ya kukatika inasema shikilia. Anavuta, ule mwili wa kilo 70 unajirekebisha miguu tu ili usianguke, unamsogelea anapovuta, kama mtu anayecheza ngoma na kipofu. Sasa waamue, wazime mtambo ili mpandaji arudi na kumuomba amwachie? Wakate vidole vya roboti, dakika ngapi? Mie hapo niliwahi kuona mchezaji anamsihi mwenzake azime, "mrudishe, mrudishe, bora yeye kuliko hii". Sijawahi kuandika zimwi lililotisha kuliko mkono ule.

Umeme nao usiusahau, sie watu wa visiwa tunaujua. Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa karibu miezi mitatu gizani baada ya hitilafu kwenye umeme unaokuja chini ya bahari, maji shida, kila duka na jenereta lake mlangoni, nyie mkapata waya wenu wa kutoka Tanga 2010 iyo iyo. Roboti za saivi zenye umbo la mtu, kama G1 ya kilo 35 ya Unitree, kampuni ya China, zinakaa kama saa 2 kwa chaji moja. Hata ukizipa saa 4 mwaka 2090, kama kuchaji nako kunachukua muda ule ule, bado nusu ya walinzi wako muda wote wamesimama ukutani wanakula umeme. Viti sita maana yake vitatu miguuni. Mchezaji anayelala juu ya paa siku mbili na daftari atajua zamu zao, atajua ile dakika kiti kimoja kinarudi na chengine bado hakijatoka. Ile dakika ni ya mpelelezi, mpe, ameifanyia kazi.

Kudukua pia ruhusu, ila badala ya kuzima roboti muache mdukuzi apande. Apande kiti cha watu! Septemba 2025 watafiti walionesha tundu kwenye bluetooth ya roboti za Unitree, kwamba ukiingia kwenye moja inaweza kuziambukiza za jirani yake bila we kugusa tena, kwa iyo mlango upo. Lakini kiti hakipandwi na wawili. Mdukuzi akipanda, mwenyewe anatupwa, na mtu aliyetupwa ana simu mfukoni, atapiga. Wafanye wagombanie, dadu kwa dadu, kila raundi, na mwili uoneshe ule ugomvi, mguu mmoja unakwenda mmoja unakataa. Na mdukuzi aliyezoea mwili wake mwenyewe ajue anaona kwa macho ya mwengine kwa kuchelewa, mwili wake uko nyuma ya kontena hauoni wala hausikii vizuri, mwenzake lazima amlinde. Hapo umewapa kazi watu wawili kwa mpigo.

Nimalizie na mpandaji mwenyewe, mana huyu ndo nimekuandikia barua nzima kwa ajili yake. Mpe mahali anapokaa, deni analolipa, na kitu kimoja anachokiogopa. Usimfanye mbaya kwa sababu tu analinda mali ya wabaya. Tokyo, Nihonbashi, kuna mkahawa uliofunguliwa 2021 ambao wahudumu ni roboti na wanaoziendesha ni watu wenye ulemavu, wengine hawawezi kutoka kitandani, wanazungumza na wateja wakiwa nyumbani kwao. Nilipolisoma ilo niliacha kuandika wapandaji wasio na sura. Na mwaka 2022 kule Long Beach, mashindano ya XPRIZE, taasisi inayotoa zawadi za uvumbuzi, ya roboti za namna hii, kazi ya mwisho ilikuwa kulichagua jiwe la mkwaruzo kwa kuligusa tu, mtu kakaa chumba chengine vidole vya chuma vinamletea hisia, timu ya chuo cha Bonn ikashinda dola milioni 5. Kwa iyo mpandaji wako anaweza kuhisi. Wachezaji wanapokipiga kiti risasi, wao wameharibu chuma, lakini huko ng'ambo kuna mtu miaka sita hajatembea ila kwa miguu ile, na shirika linamkata mshahara kwa uharibifu. Usiwahutubie wachezaji juu yake. Ruhusu tu spika iendelee kufanya kazi sekunde chache baada ya mwili kuanguka, wasikie anavyopumua.

Kwa godauni lako la Mkoani mie ningeweka hivi. Viti vinne tu, viwili vinazunguka viwili kwenye chaji, silaha zao taa kali, king'ora na mikono, bunduki ondoa kabisa, mana shirika halitaki kesi. Mpandaji wa mbali mmoja, mwanamke mtu mzima, mstaarabu, anawaita watu "mwanangu" kwa Kiswahili alichojifunzia kazini. Na ndani ya ofisi ya juu yupo wa pili, kijana wa Chake aliyeajiriwa wiki iliyopita, asiyechelewa hata kidogo mana yuko hapo hapo, na anaogopa zaidi kuliko wao. Usiwaambie kama wako wawili. Waache wahesabu ile nusu sekunde, wazoee, wajiamini, alafu usiku wa pili dhumna ifunuke na kiti kiwadake mkono kabla hawajamaliza kugeuka.